Taa za Pijo ya Kaanaeli

Kaanaeli aliileta picha ndani ya simu yenye ufa:
pikapu yake ya Pijo kando ya ukuta wa matofali, Kiboriloni,
saa saba mchana, jua limesimama utosini,
vivuli vimejikunyata chini ya magurudumu.
"Niwashie taa," akasema. "Naiuza.
Mnunuzi akiona taa inawaka, na moyo wake utawaka."
"Kwani zenyewe?"
Akatazama feni. "Fundi anataka laki mbili na nusu.
Wewe?"
"Elfu kumi na tano."
Akacheka kama mtu aliyeokota.

Nilianza vibaya, nakiri.
Brashi laini, rangi ya njano, duara moja kila taa:
vikatoka viini vya mayai,
mayai mawili ya kukaanga kwenye uso wa bati.
Nikaongeza njano. Yakaiva zaidi.

Nani huisifu taa adhuhuri?
Basi nikaiua siku.
Nikashusha anga polepole, kama unavyofunika chungu,
nikatia ubuluu ukutani,
nikainyang'anya migomba ukijani wake,
mpaka matofali yakawa ya saa mbili usiku.
Mayai yakabaki mayai,
sasa ya gizani.

Hapo umeme ukakatika.

Nikatoka kibarazani. Juni,
ule unyunyu wa Moshi usiojijua
kama ni mvua au ni ukungu uliochoka kupanda mlima.
Fuso lilikuwa linakuja kutoka upande wa Himo,
na kabla sijaiona taa
niliona waya wa nguzo ukipata makali,
dimbwi likijaa shaba,
mbuzi wa jirani akifumbua macho mawili ya kijani,
na kila tone lililokuwa likianguka bila shahidi
likaonekana, likapita.
Taa yenyewe ilifika mwisho,
kama mgeni rasmi.
Na katikati yake hapakuwa na njano hata chembe!
Palikuwa peupe, weupe wa kuumiza.
Njano ilikaa pembezoni, inaona haya,
na nje ya njano, wekundu
wa kiganja kinachokinga mshumaa,
kisha basi.

Umeme uliporudi sikuzigusa taa.
Nilianza na changarawe:
kila kokoto nikaling'arisha shavu moja, jingine nikaliacha.
Nikapaka mwanga kwenye bampa, kwenye ukingo wa boneti,
kwenye ndoo ya plastiki aliyoisahau mtu fulani kando ya ukuta.
Nikatawanya vumbi, maana mwanga usio na vumbi hauna pa kushika.
Tabaka juu ya tabaka, nikafika la kumi na moja,
nikalipunguza, nikalifuta, nikalirudisha.
Taa ya kushoto niliiinamisha kidogo
kwa kuwa bampa limebonyea upande huo,
na gari lililogongwa haliangalii mbele sawasawa.
Mwisho kabisa, ile nukta nyeupe,
ndogo kuliko punje ya ulezi.
Moja. Ya pili.

Nikasogeza kiti nyuma.
Nilikuwa nimekunja jicho.

Ijumaa akaja. Alitazama muda mrefu,
mdomo wazi kidogo, kofia mkononi.
"Ya kushoto," akasema, "imekuwa hivyo hivyo
tangu ile siku ya daraja la Rau."
Sikumwambia kuwa nilibahatisha.
Akaniomba niikuze, tena, tena,
mpaka skrini nzima ikawa kokoto tatu zenye mwanga.
Habari za mnunuzi hakuzitaja, nami sikuuliza.
Akahesabu noti, nyingine za elfu mbili zilizolegea,
akazinyoosha moja moja juu ya meza yangu.
Kisha akachungulia mlangoni, akaangalia saa.
"Kumi na mbili kasoro robo!"
Akazoa funguo.
"Niwahi Uru kabla giza halijaingia."

Nikaisikia starta ikikohoa mara tatu,
ya nne ikashika.